Mkono Mvivu Ndio Raia

Nyumbani kwangu (ndiyo, kwangu),
Jumapili, baada ya chai ya asubuhi

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ni ya Baba, umpelekee pale alipo na gazeti lake. Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima, kifua cha Baba kimetulia, na cherehani yako haijaanza tena ule mchezo wake wa kukata uzi katikati ya pindo. Wadogo zangu nao hawajambo? Waambie nawakumbuka, hata yule aliyelia harusini kwa sababu ya keki na si kwa sababu yangu.

Mimi sijambo, Mama, ila neno hilo ni dogo mno, ni kama kumpima ndovu kwa kibaba. Nimeolewa. Najua unajua, ulikuwepo, ndiwe uliyenifunga vifungo vya mgongoni huku ukinung'unika. Lakini mimi habari hii hunijia upya kila asubuhi. Nafungua macho, namwona mtu amelala pembeni yangu, mdomo wazi kidogo kama anayetaka kuuliza swali, nami najiambia: huyu ni mume wangu. Mume wangu. Nimeliandika mara mbili si kwa kukosea, ni kwa sababu kalamu yangu inalipenda.

Chumba chetu ni kimoja na nusu, na hiyo nusu ndiyo jiko. Alipaka ukuta rangi ya samawati kabla sijaja, rangi ikamwishia kwenye kimo cha dirisha. Tumekubaliana kwamba pale ndipo mbingu inapoishia na sisi tunapoanzia. Amenishonea kigoda cha ngozi cha kukalia ninapopika, na kila nikiinuka anakifuta vumbi kana kwamba ni kiti cha waziri. Usicheke. Haya, cheka kidogo.

Harufu ya ngozi mbichi ipo, sitakudanganya. Siku ya kwanza nilidhani nitakufa. Siku ya pili nilidhani wanaoishi hapa wote wamekwisha kufa na hawajaambiwa. Sasa nikitoka kwenda sokoni na nisipoisikia, nadhani nimepotea njia.

Najua lakini kilicho moyoni mwako. Nimepata ujumbe wako kwa yule dereva wa lori la mbao. Aliniambia siku ya kura ulinisubiri, uliweka kiti changu barazani, uliwaambia majirani kwamba binti yako anarudi kupiga kura nyumbani na watamwona alivyonawiri, na mpaka jioni kiti kilikuwa kitupu. Alisema hukulia. Hilo ndilo lililoniuma, maana wewe ukilia mambo huwa yamekaribia kuisha. Basi leo nimekaa nikueleze yote, nami nakuomba kitu kimoja: soma mpaka mwisho kabla ya kumwita Baba. Usimwite ukiwa katikati.

La kwanza ni hili. Jina langu halipo tena kwenye daftari la wapiga kura la huko kwetu. Nililihamishia huku mara tu baada ya harusi, kwa sababu mtu hupiga kura pale anapolala, na mimi nalala hapa. Karani aliyeniandikisha alinishika kidole akakiweka kwenye kile kimashine chao chenye kioo, kikatoa mlio palepale, naye akanisifu kwamba hajapata kuona mistari ya kidole iliyo wazi kama ile. Nilijivuna nikakukumbuka wewe. Vidole hivyo ni kazi yako. Kila usiku tangu nikiwa mdogo ulinipaka mafuta, kwa sababu hariri hunasa kwenye ngozi yenye magaga, na fundi mwenye vidole vibaya huharibu nguo ya bibi harusi kabla hajaishona.

Ndiyo maana siku tuliyofunga sanduku langu ulisema umeikubali ndoa hii kwa sharti moja tu. Nimpende nitakavyo, nipike, nifue, nizae, lakini mikono yangu isiingie kwenye chokaa. Nami niliitikia. Liweke sharti hilo pembeni, Mama. Nitalirudia, sijalikimbia.

Sasa nikueleze watu hawa nilioolewa kwao, maana wewe na Baba mnawajua kwa harufu tu, kama mimi nilivyokuwa. Ni familia kadhaa, zote ziko upande mmoja wa mfereji, na zote zinatengeneza ngozi, tangu mababu. Ngozi mbichi hulowekwa kwenye mashimo ya maji ya chokaa mpaka manyoya yalegee, hukwanguliwa kwenye gogo, huoshwa, kisha hulazwa kwenye maji ya magome ya miti. Glavu hazisaidii. Chokaa huingia kwa juu ikakaa humo humo ikikuunguza vizuri zaidi, halafu ngozi iliyoiva hujulikana kwa kidole, si kwa mpira. Kwa hiyo wanashika kwa mikono mitupu, na chokaa inawalipa kwa kuwalamba vidole mpaka mistari yote inaisha.

Mimi nililigundua hilo kwa njia tamu kidogo. Mara ya kwanza mume wangu, wakati huo hajawa mume wangu, aliponishika mkono, niliona kiganja chake ni laini kwa namna ya ajabu. Si ulaini wa mtu asiyefanya kazi, ni ulaini wa jiwe la mtoni. Nilikifungua nikakitazama kwenye mwanga. Hakuna mstari. Nikamwambia wapiga ramli wangekosa cha kusoma hapa. Akanijibu kwamba si wapiga ramli tu, hata serikali imekosa.

Nilidhani anatania. Kumbe mashine za kura husoma kidole, na cha mtu wa ngozi hakisomeki. Viatu vya mji mzima vimepita mikononi mwao, lakini mji mzima hauwashiki mkono, na siku ya kura hata mashine haiwashiki. Sheria yenyewe haina ubaya. Imebandikwa ukutani kwenye kituo, nimeisoma kwa macho yangu: ambaye kidole chake kimekataa atajaziwa karatasi maalumu, atatazamwa sura na kitambulisho chake, kisha atapiga kura kama mwenzake. Ila kwenye kituo chetu karatasi hizo huwa zimekwisha. Kila uchaguzi zimekwisha. Hata ukifika umande haujakauka, zimekwisha.

Naye diwani anajua. Huku anaitwa Leso, kwa sababu kila akivuka mfereji huja na leso puani. Amekuwa akisema mbele ya watu kwamba wenye ngozi wahamishwe ng'ambo ya jalala, na alipoambiwa wataumia akajibu kwamba yeye huhesabu kura, hahesabu harufu. Mtu asiye na kura ni kama nyumba isiyo na mlango, Mama. Kila mtu anapita anauona ukuta tu.

Anayeniuma zaidi ni baba mkwe. Huyu mzee hajapata kupiga kura maishani mwake. Zamani kabla ya mashine walikuwa na sababu nyingine, mara nyumba za huku hazina namba, mara jina lake limeandikwa kwenye kituo cha mbali. Zilipokuja mashine, ikawa vidole. Na kila uchaguzi yeye hupiga viatu rangi, huvaa koti lake jeusi lenye vifungo vya mfupa, hutoka wa kwanza mtaani. Kisha hurudi, hulitundika lile koti, hukunja mikono ya shati na kwenda shimoni. Mume wangu aliniambia tangu utotoni mwake hilo ndilo jambo analoliogopa kuliko radi: kumwona baba yake akilitundika lile koti.

Sasa sikia maajabu ya mama mkwe. Mwaka jana aliteleza kwenye mawe ya mfereji akavunjika mkono wa kushoto, ukafungwa plasta, na baada ya plasta ukawa bado unamuuma, kwa hiyo akawa anakwangua ngozi kwa kulia tu. Walipokuja makarani wa kuhakiki daftari, vidole vyake vya kulia vilikataa vyote kama kawaida. Akawapa mkono wa kushoto kwa kuwakomoa tu. Mashine ikalia. Karani akaipigapiga akidhani imeharibika, wakajaribu tena, ikalia tena. Mama mkwe akarudi nyumbani, akasimama katikati ya ua, akainua ule mkono uliokuwa umelala miezi yote, akatangaza:

"Huu wa kulia umefanya kazi tangu nikiwa msichana, haujulikani. Mkono mvivu ndio raia."

Ua mzima ulicheka mpaka mbwa wakaamka. Asiyecheka alikuwa mume wangu. (Ningekuwa nacheka kama wengine, lakini mimi macho yangu huwa kwake, siyo kosa langu.) Alipoulizwa ana nini, alisema kama ni hivyo basi tuwe wavivu wote.

Wakabishana siku nzima. Wengine walisema ngozi zilizomo mashimoni haziwezi kuachwa, zisipogeuzwa kila siku zinageuka uji, na tajiri mwenye ngozi zake atapeleka kazi mji mwingine. Shemeji yangu mkubwa alisema yeye hajaona kura ikiliwa na chumvi. Mama mkwe akamjibu kwamba hata jalala haliliwi na chumvi na huko ndiko anakopelekwa kulala. Mwisho wakapatana: kila mwenye jina kwenye daftari atoe mikono yake chokaani mpaka siku ya kura. Wabebe magome, wachane kuni, washone, wafagie, lakini wasiguse maji ya shimo. Kugeuza ngozi kukaachiwa wachache ambao majina yao hayakuwamo kwenye daftari la kituo chetu, na mmoja ambaye jina lake lilikuwamo.

Laiti ungewaona wanaume hawa na uvivu wao. Hawajui kupumzika, Mama. Walikuwa wakizunguka ua kama kuku waliohamishiwa banda. Asubuhi walitoka wakatazamana vidole kwenye jua, huyu anamwambia mwenzake chake kimeanza kuota, yule anasema hicho ni kikovu usijisifu. Ile chupa kubwa ya mafuta uliyonifungia kwenye sanduku, niliifungua. Najua ilikuwa ya mikono yangu. Kila jioni nilikaa kwenye kigoda changu, wakaja mmoja mmoja kupakwa kama watoto kabla ya kwenda shule, wakitaniana kwamba sasa wananukia vizuri mno, nani atawajua. Baba mkwe naye alikuja, akaninyooshea vidole vyake kumi bila kunitazama usoni, kwa haya. Na mume wangu alipakwa wa mwisho, mlango ukiwa umefungwa. Usiku ule nilipouona mstari wa kwanza kwenye kidole gumba chake, mwembamba kama uzi wako wa hariri, nilikibusu pale pale. Haya, nimekwambia. Wewe ni mama yangu lakini pia ulikuwa bibi harusi.

Tajiri alikuja na ngurumo zake, akatazama mashimoni, akakuta ngozi zimegeuzwa vizuri, akakosa la kushika. Leso naye alisikika akisema kwenye mkutano wake kwamba watu wa ngozi sasa wameongeza uvivu juu ya harufu. Shemeji yangu mkubwa, yule yule wa chumvi, alimjibu kwa sauti kutoka nyuma kabisa kwamba ni kweli, na kwamba wanakusudia kuuzoea.

Siku ya kura ilifika. Kituo ni darasa la watoto wadogo, madawati yamesukumwa ukutani, ubaoni bado kuna hesabu za kujumlisha. Foleni ilikuwa ndefu, na baina ya wale wa mjini na sisi kulikuwa na nafasi ya kutosha mkokoteni kupita. Hakuna aliyeipima, ilijiacha yenyewe. Tulipoingia, msimamizi wa kituo, mama mmoja mwenye miwani ya kamba na kipande cha kadibodi cha kujipepea, alianza kujipepea zaidi.

Wa kwanza wetu alikuwa mama mkwe, na ule mkono wa kushoto. Mashine ikalia. Akafuata shemeji, ikalia. Mjomba wa mume wangu, ikalia. Tukaanza kupiga makofi kila ikilia, msimamizi akatuambia hapa si harusini. Mama mkwe, kidole chake tayari kina wino, akamuuliza kwa upole kama ana uhakika. Mume wangu akaweka kidole gumba, kile kile ninachokijua, ikalia kama kifaranga. Mama, niliona macho yake. Nadhani hata siku ya harusi hakunitazama hivyo, nami sikuona wivu.

Kisha baba mkwe, na koti lake. Akaweka kidole gumba, kimya. Cha shahada, kimya. Vyote kumi, kimoja kimoja, na kila kimoja alikifuta kwanza kwenye leso safi. Vidole vyake vimekaa chokaani miaka mingi mno, havikuweza kuamka kwa mapumziko mafupi. Msimamizi akamwambia pole mzee, karatasi maalumu zimekwisha, aende makao makuu siku ya kazi. Ilikuwa bado asubuhi. Baba mkwe aligeuka akaenda mlangoni. Alianza kufunga vifungo vya koti, taratibu, kutoka chini kwenda juu.

Aliyekuwa nyuma yake ni mimi. Nikaketi, nikaweka kidole changu, kile alichokisifu karani. Mashine ikanyamaza. Nikaweka kingine. Ikanyamaza. Mkono wa pili, ikanyamaza.

Haya, Mama. Lile sharti tuliloliweka pembeni, lichukue sasa. Yule mmoja aliyegeuza ngozi ilhali jina lake limo kwenye daftari ni mimi. Kila siku, tangu mapumziko yalipoanza mpaka siku ya kura, niliingiza mikono yangu kwenye chokaa mpaka viwikoni. Hakuna aliyeniomba. Mume wangu alikataa, tukanuniana mchana mzima, nao ulikuwa ugomvi wetu wa kwanza, nikaushinda. Wageuzaji walikuwa hawatoshi, ngozi zingeoza, watu wangerudi shimoni na mistari ingefutika kabla haijaota. Nilijidanganya kwamba vidole nilivyopakwa mafuta maisha yangu yote vina mistari ya akiba, kwamba vitakopesha kidogo bila kufilisika. Chokaa haijui nani alipakwa mafuta na nani hakupakwa. Nilivunja neno nililokupa, na nikikuomba msamaha nakuomba kwa kuvunja neno, si kwa kazi. Kazi ningeifanya tena kesho.

Lakini sikia kilichofuata, maana hapo ndipo moto ulipowaka. Msimamizi alinitazama usoni, akatazama gauni langu uliloshona wewe, akasoma jina langu la kwetu kwenye kitambulisho. Akaacha kujipepea. Akainama karibu nami, akashusha sauti kama anayempa mtoto wa jirani pipi:

"Wewe si wa hawa. Ngoja nikusaidie."

Akavuta droo. Ndani yake kulikuwa na bunda zima la karatasi maalumu, Mama, na kamba yake haijafunguliwa. Akachomoa moja, akaanza kuandika jina langu.

Sijui ningefanya nini kama baba mkwe angekuwa ameshatoka. Pengine ningenyamaza, nikapiga kura yangu, nikaja kukuandikia barua ya maua matupu. Lakini alikuwa bado mlangoni, amefika kifungo cha juu. Niliweka kiganja changu juu ya ile karatasi, nikasema kwa sauti ambayo hata wewe ungeniambia niishushe:

"Mimi ni wa hawa. Na huyu mzee alinitangulia kwenye foleni. Mwandikie yeye kwanza."

Akasema zilizopo ni kwa dharura. Nikamuuliza dharura yangu ni ipi. Akasema nazuia foleni. Nikamwambia nimeketi kwenye kiti cha mpiga kura, mimi ni mpiga kura, na sitainuka mpaka akubali kumwandikia karatasi yake kila aliyekataliwa na mashine. Nikabaki nimeketi, Mama, kama unavyoketi wewe mteja akikataa kulipia pindo. Mawakala wa vyama wakaanza kuitazama dari. Askari akaitwa. Akanitazama mimi, akatazama lile bunda, akamuuliza msimamizi aniondoe kwa kosa gani, la kukaa? Akarudi mlangoni pake. Dirishani walikuwa wamejaa watu wetu waliokwisha kupiga kura, hawapigi kelele, wametulia tu wakionyesha vidole vyao vyenye wino. Katikati yao alikuwa mume wangu. Aliweka kiganja chake kwenye kioo, nami nikajua sitainuka hata nikiota mizizi.

Mwishowe hata watu wa mjini waliokuwa nyuma ya ile nafasi ya mkokoteni walianza kulalamika. Nilidhani wananilalamikia mimi. Kumbe mwanamke mmoja alikuwa akimuuliza msimamizi kwa nini haandiki, karatasi si hizo hapo, yeye ameacha mtoto nyumbani.

Msimamizi akakata kamba.

Baba mkwe akarudi, akaketi kwenye kiti nilichompisha, akatajiwa jina lake akalikubali, sura yake ikalinganishwa na picha. Akachovya kidole. Akaenda nyuma ya kile kiboksi cha kadibodi cha kupigia kura, akakaa. Akakaa. Watu wakaanza kutazamana. Msimamizi akamuuliza kama anahitaji msaada. Alipotoka alitumbukiza kura yake sandukuni kwa mikono miwili, kisha akatuomba radhi kwa kutuchelewesha.

"Nilikuwa nasoma majina yote," akasema. "Nimeyangoja muda mrefu, sikutaka kuyapita haraka."

Baada yake wakaandikiwa wote ambao vidole vyao havikuota. Mimi niliandikiwa wa mwisho kabisa, na wino wangu bado upo mpaka leo, nauonea fahari kama pete.

Utauliza nani alishinda. Leso alishinda, lakini kwa kura kiduchu, yeye aliyezoea kushinda kwa magunia. Na siku ya pili yake, Mama, alivuka mfereji. Bila leso. Alipita nyumba hadi nyumba akishika watu mikono, yeye, mikono yetu, macho yakimtoka machozi kwa kujikaza asizibe pua, akisema lile neno la jalala lilieleweka vibaya. Alipofika kwetu, baba mkwe aliushika mkono wake akaukamata muda mrefu kuliko adabu inavyotaka. Kisha akamwambia: "Karibu, Mheshimiwa. Safari hii tulikuwa tunajifunza tu."

Hayo ndiyo yaliyokifanya kiti chako cha barazani kiwe kitupu. Sasa mwite Baba, msomee, na kama atapiga meza mwache aipige, ameinunua mwenyewe. Ukikasirika nitakuelewa. Lakini kasirikia hapa kwangu, Mama, njoo, panda gari uje unigombeze ana kwa ana. Nitakupa kigoda changu, na mume wangu atakifuta vumbi. Ukija uniletee chupa nyingine ya mafuta, kubwa kuliko ile ya kwanza, maana uchaguzi mwingine haukosi kuja na safari hiyo tutaanza mapema. Uniletee pia kastabini yangu ya kuvaa kidoleni ninaposhona. Kwa sasa sindano inaniteleza, siihisi vizuri, lakini mama mkwe anasema mikono husahau kisha hukumbuka, naye ana ushahidi wa mkono wake wa kushoto.

Msalimie Baba kwa heshima zote, wadogo zangu, jirani wa mbele, na hata jirani wa nyuma aliyesema sitadumu huku hata mwezi. Mume wangu anakupa shikamoo. Amesimama nyuma yangu anasoma begani, ananiambia nimezidisha habari za kile kidole chake. Sijazidisha.

Mungu awalinde hadi tutakapoonana. Ni mimi mwanao, mke wa mtengeneza ngozi, mwenye furaha kuliko inavyoruhusiwa.

Sahihi yangu unaijua, lakini leo sikuiandika. Nimechovya kidole gumba kwenye wino nikakigandamiza hapa chini. Utaona doa jeusi, laini, halina hata mstari mmoja. Usidhani wino umemwagika, Mama. Ni mimi.